Jinsi ya Kubuni na Kutengeneza Bango la Nje la Kuchongwa

Bango la kuchongwa hutofautiana na bango la kupakwa rangi kwa jambo moja ambalo mafundi wengi hulikumbuka wakiwa wamechelewa: husomwa kwa vivuli vyake. Herufi iliyoinuka huonekana kwa sababu mwanga huangukia upande wake mmoja na kuukosa upande wa pili, na mstari mweusi unaobaki pale mwanga ulipokosekana ndio unaolifahamisha jicho kwamba hapa pana herufi, pale pana jani, na kule pana mkia wa samaki. Kwa maana hiyo kivuli ndicho wino wa kazi hii. Mwongozo huu unafuata mpangilio wa kazi yenyewe, tangu siku ya kukagua mahali hadi siku ya kuziba ufa wa kwanza. Unakusudiwa kumsaidia mtu ambaye tayari ana mkono wa ufundi, awe seremala, mchomeleaji, mpaka rangi au mchongaji, lakini hajawahi kujenga bango la aina hii kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Hatua ya kwanza: chunguza mwanga wa mahali

Kabla ya kuchora chochote, nenda mahali bango litakapokaa asubuhi, adhuhuri na jioni. Chukua kipande cha ubao uliopakwa rangi nyeupe isiyong'aa, ubandike juu yake vibao vya unene wa milimita 10, 20 na 30, kisha ukishikilie wima palepale bango litakapotazama na ukipige picha katika kila ziara. Picha hizo tatu zitakufundisha mengi kuliko mazungumzo marefu na mteja.

Hesabu inayoongoza vivuli hivyo ni rahisi. Jua likiwa mbele ya bango, katika kimo cha nyuzi 45 juu ya upeo wa macho, mwinuko wa milimita 20 hutupa kivuli cha milimita 20 kuelekea chini. Jua likipanda hadi nyuzi 70, mwinuko uleule hutupa kivuli cha takriban milimita 55, na likishuka hadi nyuzi 15 kivuli hubaki milimita 5 tu, kiasi kwamba mchongo huonekana kana kwamba umepigwa pasi. Kwa hiyo bango linalotazama mashariki hupoteza umbo lake asubuhi na mapema, wakati ambao mwenye duka huenda anafungua milango, kisha hulipata saa chache baadaye, na mchana jua linapohamia nyuma ya ukuta hubaki na mwanga hafifu wa anga pekee. Ukishajua hivyo, utaweza kuamua mambo mawili mapema: kina cha mchongo, na kiasi cha kivuli ambacho itabidi ukipake kwa rangi kwa sababu jua halitakitoa.

Kanuni ninayoifuata ni kwamba kivuli cha herufi, kwa saa ambazo bango linatazamwa zaidi, kisivuke nusu ya nafasi iliyopo kati ya mistari inayounda herufi yenyewe. Kikizidi hapo, matundu ya herufi kama "e" na "a" hujaa giza na neno zima hugeuka doa. Picha au umbo linaloambatana na maandishi linaweza kuchongwa kwa kina kikubwa zaidi, kwa kuwa halisomwi herufi kwa herufi, na hapo ndipo mchongaji anapopata uhuru wake.

Hatua ya pili: pima umbali wa msomaji

Herufi yenye kimo cha milimita 25 husomeka kwa raha kutoka mita 3 hivi, na kwa mtu mwenye macho mazuri na herufi zilizo wazi inaweza kutambulika hata kutoka mita 9. Kati ya mipaka hiyo miwili ndipo unapofanyia uamuzi wako. Chukua mfano wa barabara ambayo magari hupita kwa kilomita 50 kwa saa, yaani karibu mita 14 kwa sekunde. Dereva anayehitaji sekunde 4 kuliona bango, kulisoma na kuamua kukunja kona, anapaswa kuanza kulisoma akiwa umbali wa mita 56. Kwa umbali huo herufi zenye kimo cha milimita 155 ziko ukingoni kabisa mwa kusomeka, na herufi za milimita 230 au zaidi ndizo zitakazomhudumia bila kumlazimisha akodoe macho. Kwa bango la ukutani linalotazamwa na waenda kwa miguu, vipimo hupungua sana na nafasi ya mapambo huongezeka.

Mteja atataka kuandika kila anachouza. Mshauri kwa upole abaki na jina, neno moja la kueleza kazi yake, na umbo moja lenye nguvu. Maandishi madogo yaliyochongwa hukusanya vumbi, ni magumu kupaka rangi, na kwa umbali hayasomwi na mtu yeyote.

Hatua ya tatu: mchoro na mfano mdogo

Chora bango kwa vipimo halisi vilivyopunguzwa mara kumi, mbele na ubavuni. Mchoro wa ubavuni ndio unaosahauliwa, ilhali ndio unaoonyesha tabaka za kina: kipi ni usuli, kipi kimeinuka kidogo, kipi kimejitokeza kabisa. Tabaka tatu zilizo wazi humtosha mtazamaji. Zikizidi tano, jicho haliwezi tena kuzitenganisha kutoka barabarani.

Baada ya hapo finyanga mfano mdogo kwa udongo au nta, uuweke katika chumba chenye giza, na uuangaze kwa taa moja iliyowekwa katika pembe ile uliyoipima kwa jua. Zungusha taa polepole kama jua linavyozunguka. Kasoro zote za utunzi hujitokeza hapa, wakati marekebisho bado ni ya kidole gumba na si ya msumeno. Mwonyeshe mteja mfano huo, si mchoro pekee, kwa sababu watu wengi hawawezi kuukisia mwinuko kutokana na karatasi. Wakati huohuo ulizia idhini ya mamlaka ya eneo husika, kwani kanuni za ukubwa, kimo na umbali kutoka barabarani zinaweza kubadili mchoro mzima.

Hatua ya nne: chagua mali ya kuchonga

Mbao za povu gumu la poliyurethani ndizo zinazotumiwa sana na wachongaji wa mabango, na ninaziona kuwa chaguo bora kwa kazi yenye maelezo madogomadogo. Povu hili lina seli zilizofungika, kwa hiyo halinyonyi maji, halivimbi, halipasuki kwa kufuata nyuzi kama mti, wala haliliwi na wadudu. Mbao za uzito wa kilo 240 hadi 290 kwa mita ya ujazo hushika ukingo mkali na huchongeka kwa patasi, tupa au mashine. Udhaifu wake ni kwamba skrubu hazishiki vizuri ndani yake, hivyo haliwezi kujibeba lenyewe bila kiunzi, na rangi nyeusi kabisa hulifanya lipate joto kali juani hadi kuweza kupinda. Jambo moja lisisahaulike: povu hili lisikatwe kamwe kwa waya wa moto, kwa sababu haliyeyuki, bali huungua na kutoa gesi zenye sumu, ikiwemo sianidi ya hidrojeni.

Povu jeupe la polistairini, lile linalofungia vyombo vya umeme kwenye maboksi, ni jepesi mno na hufaa kwa maumbo makubwa. Hili hukatika vizuri kwa waya wa moto mahali penye hewa ya kutosha, ila peke yake haliwezi kuvumilia nje. Ni lazima lifunikwe kwa ganda gumu, aidha la faibaglasi yenye gundi ya epoksi, au la saruji iliyochanganywa na polima ya akriliki. Niliwahi kushuhudia kichwa cha farasi kilichochongwa kwa siku tano kikizama na kuwa shimo katika muda mfupi, kwa sababu ganda lake lilipakwa gundi ya poliesta badala ya epoksi. Gundi ya poliesta ina staireni, nayo huyeyusha polistairini. Baadhi ya rangi za kopo la kupuliza hufanya uharibifu huohuo, kwa hiyo jaribu kila kitu kwenye kipande cha pembeni.

Saruji ya kuchonga, inayopakwa juu ya wavu wa chuma, ni mali ya mabango yanayosimama ardhini na yanayotakiwa kufanana na mwamba au gogo. Mchanganyiko wa sehemu moja ya saruji kwa sehemu mbili hadi mbili na nusu za mchanga laini, pamoja na nyuzi za kioo zinazostahimili alkali, hutoa lipu inayokaa pale ilipobandikwa. Nyuzi za kioo za kawaida huliwa na alkali ya saruji na kupoteza nguvu, kwa hiyo usizibadilishe kwa ajili ya unafuu wa gharama. Uzito ndio kikwazo kikuu cha njia hii, na kwa sababu hiyo sipendekezi saruji kwa bango linaloning'inia juu ya vichwa vya watu.

Hatua ya tano: jenga kiunzi kabla ya kuchonga

Kiunzi cha chuma huchomelewa, husafishwa na kupakwa rangi ya kuzuia kutu kabla povu halijafika karibu, kwani cheche moja ya kuchomelea inatosha kuteketeza kazi. Kwa bango la povu lenye nyuso mbili, chimba mfereji kwenye upande wa ndani wa mbao zote mbili, laza kiunzi humo, kisha zibandike kama mkate uliofunika nyama yake. Gundi ya poliyurethani inahitaji unyevu ili ikauke, kwa hiyo nyunyizia uso mmoja maji kidogo sana, paka gundi upande wa pili, na ubane kwa vibano hadi siku inayofuata. Gundi hiyo huvimba inapokauka, na isipobanwa itasukuma mbao zikaachana.

Miguu ya kiunzi au sahani za kufungia zitokeze nje ya povu, ili mzigo wote upitie kwenye chuma na povu lisibebe chochote zaidi ya uzito wake. Mabomba yaliyo wazi yazibwe juu na kuachiwa tundu dogo chini, maana unyevu hujikusanya ndani ya bomba hata pale usipoona mlango wa kuingilia, na kutu inayoanzia ndani huonekana nje wakati bomba limeshakwisha. Pale alumini inapokutana na chuma, weka washa za nailoni katikati, la sivyo alumini italika kwa haraka maji ya mvua yatakapoziunganisha metali hizo mbili.

Hatua ya sita: kuchonga

Anza na umbo kubwa, umalize na dogo. Ushauri huu unafahamika na kila mchongaji, na bado mikono hutamani kukimbilia jicho la ndege kabla bawa halijapata mahali pake. Ondoa kwanza povu lote lisilotakiwa, rudi nyuma hatua nyingi, tazama umbo kutoka umbali wa msomaji, kisha ndipo uingie kwenye maelezo.

Ikiwa unatumia mashine ya kuchonga inayoongozwa na kompyuta, pitisha kwanza kekee pana inayoondoa wingi wa povu na kuacha ziada ya milimita 1 au 2, kisha pitisha kekee yenye ncha ya mviringo kwa mipito ya karibu sana. Kwa kekee ya milimita 6, nafasi ya milimita 0.6 kati ya mpito na mpito hutoa uso unaohitaji msasa mdogo tu. Mashine ni hodari wa herufi na maumbo yenye vipimo, lakini uso unaoachwa nayo bila kuguswa na mkono huwa na ulaini wa kuchosha. Pitia kingo kwa patasi, vunja mistari michache, uache alama ya chombo pale inapolisaidia umbo.

Sehemu zinazojitokeza sana, kama pua, vidole, matawi na kamba, zifinyange kwa udongo wa epoksi wenye sehemu mbili zinazochanganywa sawa kwa sawa. Changanya kiasi unachoweza kukimaliza kabla hakijaanza kukaza, kwani joto la mchana huufupisha muda huo. Lainisha kwa kidole kilicholoweshwa maji, na chora magome, manyoya au nyuzi za mti udongo ukiwa bado unakubali. Ukitumia saruji utafanya vivyo hivyo, isipokuwa dirisha la kuchonga hufunguka saa chache baada ya kupakwa, pale kidole kinapoacha alama bila kuzama, na hufungwa bila taarifa. Mpangilio wa siku hiyo uwe tayari kabla ya maji kugusa saruji. Baada ya kuchonga, funika kazi kwa gunia bichi na uihifadhi na unyevu kwa siku 7 ili isipasuke.

Katika mali yoyote ile, kila uso unaotazama juu uwe na mteremko. Juu ya herufi, juu ya jani, kwenye mkunjo wa kitambaa, maji yapewe njia ya kuondoka, na mahali ambapo umbo linalazimisha shimo, toboa tundu jembamba la kuyatoa. Maji yana subira kuliko fundi, na dimbwi la ukubwa wa kijiko litaibandua rangi yote iliyo karibu nalo.

Vumbi la povu na la saruji ni jembamba na huingia mapafuni. Vaa barakoa yenye vichujio vya vumbi jembamba muda wote wa kupiga msasa, si pale tu unapoanza kukohoa.

Hatua ya saba: rangi

Paka praima inayolingana na mali yako, piga msasa mwepesi, kisha rudia, kwa sababu povu lina vitundu vidogo ambavyo praima moja haivijazi. Saruji mpya ina alkali kali inayochoma rangi, hivyo isubiri siku 28 au itumie praima inayostahimili alkali. Juu ya praima paka tabaka mbili hadi tatu za rangi ya nje ya akriliki, ukiacha kila tabaka likauke vyema.

Sasa kivuli kinarudi. Changanya rangi iliyokoza kuliko ile ya awali na kimiminika angavu cha akriliki ili ipitishe mwanga, ipake kwenye eneo dogo hadi izame kwenye mifereji yote, kisha ifute mara moja kwa kitambaa chenye unyevu. Sehemu zilizoinuka hubaki na rangi yake ya awali, na mifereji hushika giza. Rudia kwa rangi nyingine ukipenda, hudhurungi baada ya buluu, kwa kuwa kivuli cha asili hakina weusi mtupu. Mwishoni chovya brashi kavu katika rangi iliyo nyepesi kuliko zote, ifute karibu yote, na upitishe nywele zake kwenye kingo za juu pekee. Kwa bango linalokaa upande usiopata jua, fanya kazi hii kwa ujasiri zaidi, kwani hapo rangi ndiyo itakayobeba umbo lote. Herufi zenyewe ziachwe safi na zitofautiane sana na usuli wake. Piga picha na uigeuze kuwa nyeusi na nyeupe: ikiwa herufi zinafifia, rangi mbili ulizozichagua zina ung'avu mmoja, hata kama ni nyekundu na kijani.

Rangi zenye oksidi ya chuma, yaani za udongo mwekundu, manjano ya udongo na hudhurungi, huvumilia jua kwa miaka mingi, ilhali nyekundu na manjano nyingi za bei nafuu hupauka kwanza. Ukitaka dhahabu, tumia karatasi nyembamba za dhahabu halisi ya karati 23 zinazobandikwa kwa gundi yake maalumu ya mafuta, na usiipake vanishi juu yake, kwani dhahabu haichakai kwa hewa wala jua, bali vanishi ndiyo itakayogeuka manjano na kubanduka pamoja nayo.

Hatua ya nane: kusimamisha

Nguvu ya upepo huongezeka mara nne kasi yake inapoongezeka mara mbili. Upepo wa mita 20 kwa sekunde husukuma kila mita ya mraba kwa nguvu inayolingana na uzito wa kilo 25 hivi. Ukifika mita 40 kwa sekunde, nguvu hiyo inakaribia kilo 100. Bango la mita 3 za mraba basi hupokea msukumo wa kilo 300, na zaidi kwa sababu ya umbo lake, na msukumo huo hufanya kazi kama mtu anayeng'oa nguzo kwa kutumia urefu wake wote kama wenzo. Kwa sababu hiyo msingi wa bango refu ukokotolewe na mhandisi anayeijua ardhi ya hapo. Zege lijazwe nguzo zikiwa zimepimwa kwa timazi, uso wake wa juu uteremke kutoka kwenye chuma, na lisibebeshwe mzigo mzima kabla halijakomaa, jambo ambalo kwa kawaida huhesabiwa kuwa siku 28.

Kwa bango la ukutani, kagua ukuta kwanza. Mwaka 1718, katika njia ya Bride Lane jijini London, bango kubwa la kuning'inia liliuangusha pamoja nalo ukuta wa mbele wa jengo na kuua watu wanne. Tofali lililochoka haliponi kwa bolti nene. Tumia bolti za chuma kisichoshika kutu, na karibu na bahari chagua daraja la chuma hicho liitwalo 316, kwa kuwa chumvi hulitoboa lile la kawaida la 304.

Taa za usiku ziwekwe juu ya bango, zikiangaza kwa kuteremka karibu na uso wake. Taa zinazochomekwa ardhini na kuangaza kwenda juu huvigeuza vivuli vyote: jicho limezoea mwanga wa juu, kwa hiyo herufi zilizoinuka huonekana kama zimezama, na uso wa mtu uliochongwa kwa upole hupata sura ya kutisha.

Matunzo

Osha bango mara moja au mbili kwa mwaka kwa brashi laini, maji na sabuni isiyo kali, na usitumie mashine ya maji yenye nguvu, kwa sababu hupenyeza maji chini ya rangi. Kaza nati, tazama michirizi ya kutu chini ya bolti, na zibua matundu ya kutolea maji. Ufa ukionekana, usiufunike kwa rangi. Upanue kwa ncha ya kisu hadi uwe na umbo la mfereji, uache ukauke kabisa kwa siku kadhaa za jua, ujaze kwa udongo wa epoksi, uchonge upya mistari iliyopita hapo, kisha upake praima, rangi na kivuli kwa mpangilio uleule wa awali. Kwa ajili hiyo, siku unapokabidhi kazi, mwachie mteja vikopo vidogo vilivyofungwa vya kila rangi uliyotumia, pamoja na karatasi inayoonyesha ni ipi ilitangulia na ipi ilifuata.